Doa Lililovaa Tai

Saa tatu asubuhi, jua likianza kugonga ukuta wa nyumba ya ng'ambo, mama mmoja anafungua dirisha la ghorofa ya pili na kuweka kikombe cha bati juu ya meza. Kikombe kina maua mekundu, na ubavuni kimebandikwa kipande cha gazeti chenye herufi ndogo kama sisimizi.

Anafunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Anavua miwani, anasogeza jicho, anabana pumzi. Tik. Anaing'oa lenzi, anavisha nyingine. Tik.

Hiyo ndiyo kazi yake tangu asubuhi hadi jua lihame. Chini yake kuna duka la kamera zilizokwisha kutumika, na kila lenzi inayoingia dukani sharti ipandishwe kwake kwanza, ipimwe kwa kikombe kile kile na dirisha lile lile. Wanamwita Mama Jicho, ingawa mtoto wa jina hilo hakumzaa, wala wa jina jingine lolote.

"Kitendawili," anasema, bila kungoja kuambiwa tega. "Ukimkodolea huyu, yule anayeyuka."

Jibu lake ni lenzi yenye tundu kubwa. Lenzi ya namna hiyo, anaeleza, inakunywa mwanga kwa pupa. Kikombe kinatoka kikali, herufi za gazeti unazisoma moja moja, lakini vilivyo nyuma vyote vinayeyuka kama samli juani. Ukilibana tundu, vya nyuma vinarudi. "Vinarudi vyote, mpaka viraka vya shuka za watu kwenye kamba."

Wateja wa siku hizi wanataka kuyeyusha. Bibi harusi anataka aonekane yeye, na ukumbi uwe moshi. Kwa hiyo lenzi za tundu kubwa ndizo zinazouzwa, na ndizo zinazojaa mezani kwa Mama Jicho. Analipwa kwa lenzi, si kwa siku. Wiki ikipita bila mzigo, mchana anasingizia funga, jioni anakunywa chai kavu.

Kuongea hakumo katika kazi hii. Ukiongea mkono unatikisika, na mkono ukitikisika picha imeharibika. Mume alifariki zamani, na dada yake aliye mji mwingine hupiga simu mwisho wa mwezi, salaamu mbili tatu, basi.

"Kuna siku sauti yangu naisikia kwa mara ya kwanza jioni," anasema, "namwambia muuza mkate, 'Nipe mmoja.' Naye hata haulizi kama ni mmoja. Ameshajua."

Nyuma ya kikombe, ng'ambo ya barabara, kuna dirisha. Ndani ya dirisha hilo, kwa miezi mingi, kulikuwa na doa. Siku nyingine la kahawia, siku nyingine la bluu, siku nyingine jeusi. Mama Jicho alilipenda. Lenzi njema ililigeuza duara laini, lenzi mbovu ililichana kingo. Ipo lenzi moja aliyoisifia mpaka tajiri wake, mwenye duka, akaipandisha bei, kwa jinsi ilivyoliyeyusha lile doa likabaki kama pumzi kwenye kioo.

Alidhani ni mapazia yanayobadilishwa. Macho yake ya mbali yalishachoka siku nyingi, na miwani huivua akiwa kazini. "Jicho langu linaishia kwenye kikombe," anasema. "Ng'ambo ya barabara, kwangu mimi, kulikuwa ni habari ya kusikia."

Kisha ikaletwa lenzi ya zamani, nzito, yenye kutu shingoni. Majani ya chuma yanayofungua na kufunga tundu lake yalikuwa yamekwama katika upenyo mdogo kama wa sindano, hayaendi mbele wala nyuma.

"Itupe hiyo, Mama Jicho," tajiri alimwambia kutoka ngazini. "Imekufa."

"Aliyekufa naye huoshwa, tajiri. Niache niipime."

Kwa tundu dogo vile, kamera ilihitaji muda mrefu kidogo ili ishibe mwanga. Mtu akipita mbele ya lenzi ya namna hiyo anatoka kama moshi. Ili aonekane, sharti asimame kama nguzo.

Alipoikuza picha kwenye skrini, alianza na kikombe, kama kawaida. Herufi zilisomeka. Akasogea nyuma ya kikombe. Akayaona matofali ya nyumba ya ng'ambo, akaona msumari uliopinda kwenye fremu ya dirisha. Na dirishani akamwona mzee.

Alikuwa amevaa suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka ikatoa makali. Tai ilikuwa imefungwa vizuri, nywele zimechanwa. Kidevu juu, mikono imenyooka ubavuni, macho yanatazama lenzi moja kwa moja. Hakutikisika hata kope.

"Alikuwa anapigwa picha," Mama Jicho anasema, taratibu. "Si kwamba alikuwa amesimama tu pale. Yule alikuwa anapigwa picha, na mpigaji ndiye mimi. Nikakaa chini."

Akafungua picha za nyuma, za jana, za juzi, za miezi. Doa lilikuwemo. Lilikuwemo kila siku ya kazi, pale pale, wima vile vile. Lile doa la bluu lilikuwa suti, na lile jeusi lilikuwa suti.

Mchana huo aliichapa picha ile karatasini, akavaa miwani, akavuka barabara, akapanda ngazi za watu, akabisha hodi.

"Karibu," sauti ikajibu. "Umechelewa, binti yangu, lakini karibu."

Mzee huyo ni fundi cherehani mstaafu. Anaishi peke yake katika chumba kimoja chenye kitanda, kiti, kabati la nguo na cherehani iliyofunikwa shuka. Zile suti alizishona mwenyewe, za wateja ambao hawakurudi kuzichukua, akazipunguza zikamkaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Picha zangu umeleta?"

Mama Jicho aliuliza ni picha zipi. Mzee akamweleza, wala hakuona haya. Alipomwona mara ya kwanza anaelekeza kamera kwake, alikuwa na fulana iliyotoboka, akaaibika usiku kucha. Kesho yake akavaa suti. Na kesho kutwa. Mwanawe, anayeishi mbali, alimwuliza kwenye simu, "Baba, siku zinakwendaje huko?" Akajibu, "Nzuri, napigwa picha kila asubuhi."

Kwa jibu hilo mtoto aliogopa. Akaona baba ameanza kuchanganyikiwa. Sasa anasema atakuja mwisho wa mwezi kumchukua, amweke katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, na chumba hiki kirudishwe kwa mwenye nyumba.

"Namwambia sijachanganyikiwa. Ananijibu, 'Basi nionyeshe hata picha moja,'" mzee alisema. "Nikawa nakusubiri wewe."

Kulikuwa na njia rahisi ya kumjibu, na Mama Jicho anakiri kwamba aliifikiria. Lakini mtu ukishamtazama suti yake, humdanganyi.

"Baba, nilikuwa napiga kikombe."

"Kikombe?"

"Cha bati. Kiko mezani kwangu. Wewe ulikuwa nyuma yake."

"Na tai yote ile?"

"Sikuiona, baba. Nimeiona leo."

Alimpa ile picha moja kali. Mzee aliishika chini ya mwanga wa dirisha, akajitazama, akakitazama na kile kikombe kikubwa mbele yake kama jirani mwenye majivuno. Akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika.

"Miezi yote hii," alisema, "nashindana na kikombe."

Jioni hiyo walimpigia mtoto simu. Mama Jicho alimwambia ukweli mtupu: baba yake hakuota, alipigwa picha kweli, yumo katika kila moja. Mtoto alishukuru, ila alisema atakuja tu, aone kwa macho yake. Kabla ya hapo atumiwe picha nzuri ya baba, isiyo na kikombe.

Mama Jicho akamwahidi mzee lenzi bora kuliko zote dukani, ya tundu kubwa.

"Hiyo inayeyusha nini?" mzee aliuliza.

"Kila kitu, baba. Chumba chote. Utabaki wewe tu."

"Basi usije nayo. Mwanangu anajua nimebaki mimi tu, ndiyo sababu anataka kunihamisha. Njoo na ile iliyokwama. Nataka aone cherehani, aone kiti, aone dirisha lako kule ng'ambo. Na dirishani awepo mtu."

Ndiyo mpango wa Jumapili hii, duka likiwa limefungwa. Tajiri amemwachia ile lenzi bure. Kamera itasimama ndani ya chumba cha mzee, suti ya bluu imeshapigwa pasi, na ng'ambo ya barabara Mama Jicho atasimama dirishani kwake, wima, bila kutikisika.

Limebaki jambo moja. Hakuna wa kubonyeza kamera.

"Itabidi nimwombe mtu," anasema, akipangusa kioo cha lenzi kwa kitambaa. Anaigeuza, anapangusa upande wa pili. "Muuza mkate, labda. Sijui hata anaitwa nani. Leo jioni nitamwuliza."