Fungu la Mke Wangu Kwenye Simu

Shule niliacha darasa la tatu, lakini hapa Ujiji hakuna mtu aliyewahi kunipunja. Nilianza kwa kuwabebea watu ndoo za dagaa kutoka majini, nikanunua wavu, nikanunua mtumbwi, na sasa nina kipe kizima, yaani mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na taa zake. Sikurithi hata msumari. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani mzee aliyehangaishwa na simu ni mjinga.

Pesa ya nyumba aliishika mke wangu. Mimi nilileta, yeye akapanga. Alifariki masika iliyopita, kifua kilimbana wiki moja tu, basi.

Baada ya arobaini watoto wakafanya kikao sebuleni kwangu bila kuniuliza. Aliyetumwa kuniambia ni binti yangu mkubwa, mhasibu huko Dodoma.

"Baba, tumeona kipe kiuzwe, uje ukae kwangu."

"Nani kaona?"

"Sote."

"Basi mna macho mengi."

Akacheka, halafu akalia. Alikuwa na lake la kusema: mzee peke yake, hajui hata chumvi inanunuliwa wapi, pesa itamponyoka mikononi na siku moja tutapigiwa simu na majirani. Chumvi kweli sikujua. Mwisho tukakubaliana. Ataniwekea programu ya bajeti kwenye simu, niandike kila kinachoingia na kinachotoka, na yeye atakuwa anaona hukohuko Dodoma. Hesabu zikikaa sawa mpaka Ramadhani, nabaki na kipe changu. Zisipokaa, kinauzwa na mimi nahama. Mama yao amelala makaburi ya hapahapa. Huko Dodoma nikafanye nini?

Tukaanza. Kidole changu cha shahada kimeliwa na kamba za nyavu, simu ikakikataa kabisa. Tukajaribu cha mwisho, ikakubali. Binti akawa ananielekeza kama nilivyomwelekeza yeye kufunga kamba za viatu.

"Inauliza mshahara wako, baba."

"Iambie sina mshahara."

"Weka unachopata."

"Giza likiwepo napata. Mbalamwezi ikikaa, chombo kiko mchangani na mimi niko kitini. Niandike kiti?"

Akaitengeneza ifuate giza. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi, na giza likiisha ndipo tunagawana. Yeye amekulia humo, hakuhitaji kuelezwa.

Mgao wenyewe uko hivi. Kwanza inatoka petroli, kisha wavuvi, kisha mimi mwenye chombo. Kwenye kipe changu kuna fungu moja zaidi, la mke wangu. Lilianza zamani, alipokuwa anatupikia sote na kuanika dagaa wetu. Nikasema anayefanya kazi alipwe, hata kama ninalala naye nyumba moja. Wenye vipe wengine walinicheka sana. Yeye kwa pesa hiyo alinunua unga wa muhogo na mawese, na mbalamwezi ikikaa akazungukia nyumba za wavuvi akigawa. Ndiyo maana wavuvi wangu hawahami.

Alipofariki sikulifuta. Nahodha wangu alikata fungu kama kawaida, akasema, "La mama hili, Mzee." Nikalipokea, nikaliweka kwenye sanduku lake, chini ya kanga. Simu sikuiambia. Niliandika kilichoingia chote, na kwenye kilichotoka nikaandika unga, umeme, petroli. Nikaona nimemaliza.

Giza la pili binti akapiga. Sauti yake ilikuwa ya ofisini.

"Baba, kila mgao kuna pesa haionekani imekwenda wapi. Nahodha anakuibia?"

"Haniibii mtu."

"Basi iko wapi? Na betri za taa mbovu, umeandika mwenyewe kwamba huna pesa ya kununua nyingine."

Ningeweza kukaa kimya. Lakini yule nahodha nimevua naye tangu hana ndevu, siwezi kuacha aitwe mwizi ili mimi nifiche mambo yangu.

"Ni fungu la mama yako."

Ile sauti ya ofisini ikaisha. Kisha taratibu, "Baba, mama hayupo."

"Najua hayupo. Nilishuka kaburini mimi, nikampokea kwa mikono hii."

Nikasikia anapenga kamasi. Sikumsema vibaya, mtoto ni wa mama yake. Alipopata sauti akasema, "Basi liandike, baba. Lisipoandikwa wenzangu watasema pesa inapotea na kipe kitauzwa."

"Niandike wapi? Hapa pana chakula, nauli, afya, burudani. Ni burudani?"

"Kuna alama ya kujumlisha chini. Ongeza fungu lako mwenyewe."

Nikaongeza. Niliketi barazani mchana kutwa, miwani puani, nikaandika MAMA kwa kidole cha mwisho. Simu ikakubali, ikauliza rangi. Nikachagua ya kijani, aliipenda. Ikauliza: lengo lako ni kiasi gani? Nikaruka. Ikauliza: unataka kulifikia tarehe gani? Nikajaribu kuruka na hapo, ikagoma, ikaniandikia kwa wino mwekundu kwamba nijaze tarehe.

Nimezika wazazi wangu, nimezika na watoto wawili. Sikuwahi kuulizwa swali kama lile na kitu kisicho na roho. Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa. Tarehe gani? Hakuna siku atakayokuja kuchukua. Nilikuwa nalijua hilo, lakini nilikuwa sijalitazama. Nikafuta neno herufi moja moja, kutoka nyuma.

Giza lililofuata tukagawana mchangani, betri mbili zikiwa zimekufa kabisa na wavuvi wananuna. Nahodha akakata mafungu juu ya beseni lililopinduliwa. Akanyoosha mkono.

"La mama hili, Mzee."

"Weka kwenye betri."

"Lote?"

"Una masikio au huna? Na lililoko nyumbani naleta kesho. Kwanza ununue unga, upeleke majumbani kama alivyofanya yeye. Linalobaki ni betri, na hivyo ndivyo nitakavyoandika kwenye simu."

Wavuvi wote wakatazama chini, hata kijana wetu mmoja mropokaji. Nahodha aliunganisha noti polepole, akaziweka sawa pembe kwa pembe.

"Mzee, sisi tulikuwa tunangoja useme. Tusingeweza kulifuta wenyewe."

Nikamwambia anyamaze, ahesabu. Akaanza, akakosea, akaanza upya.