Kinyozi Kipara na asili ya virusi vyake

Saa mbili asubuhi, Kipara anachana karatasi ya wembe mpya mbele ya macho ya mteja. Ndiyo, kinyozi huyu anaitwa Kipara, na kichwani hana hata unywele mmoja. "Kinyozi hajinyoi," anacheka. "Mimi Mungu alinimaliza mwenyewe."

Aliyeketi ni fundi viatu wa mlango wa pili, rafiki yake wa miaka mingi. Miezi miwili iliyopita kiti hiki kilikuwa kitupu.

Yalianza pale wauguzi walipopita mtaani wakiomba damu. Walitaka kujua homa ya ini C imeenea kiasi gani kwa watu wasiojihisi wagonjwa, na ni aina zipi za virusi vyake. Wanaume walisita. Kipara akakunja shati. "Nilitaka kuwatoa woga, kumbe najichongea."

Majibu yalionyesha anavyo virusi, na fundi viatu pia. Habari zikavuja, na mtaa haukungoja maabara itambue aina za virusi, ukaunyooshea kidole wembe wa kinyozi. Wateja thelathini kwa siku wakawa wanne.

Lakini hofu yake haikuwa mapato. "Kila kichwa na wembe wake, ndivyo ninavyofanya. Ila miaka yote hiyo, unaweza kuapa kwa kila siku? Nikajiuliza, rafiki yangu nimemwumiza mimi?"

Muuguzi aliwaeleza wote wawili kwamba virusi hivyo vina aina zake, kama watu walivyo wa koo mbalimbali. "Aina zikitofautiana, kwa kawaida huyu hakumwambukiza yule. Zikifanana, bado si ushahidi. Huenda ndiyo aina iliyojaa mtaani."

Fundi viatu alikutwa na aina ya wengi. Ya Kipara ilikuwa ya peke yake mtaa mzima. Siku hiyohiyo fundi akaja, akaketi bila kukaribishwa. "Ninyoe bwana, nimeota ndevu kama beberu kwa ajili yako!"

Kipara alilia mbele ya kioo, wateja wakimtazama.

Sasa wote wanameza dawa, na muuguzi anasema wengi hupona. Lakini virusi vya Kipara vilitoka wapi? Mama yake amekumbuka kwamba utotoni aliwahi kuongezewa damu ya mjomba wake, ambaye hajawahi kupimwa.

Jumapili anamfuata. "Sitamwambia, 'Mjomba, umeniambukiza.' Najua kunyooshewa kidole kunavyouma," anasema. "Nitamwambia, 'Ulinipa damu nikaishi. Twende, na yako ikaangaliwe.'"