Neno Ambalo Daktari Hakulisema

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, kipande cha sabuni na ingobyi iliyolowa damu. Ingobyi, kwa ninyi mliokulia wakati wa gari la wagonjwa, ni kitanda cha kusukwa ambacho wanaume wanne hubebea mgonjwa mabegani kutoka milimani. Kituo kilikuwa cha afya, kule Nyakiriba, Rwanda, na mimi nilikuwa kijana aliyerudi kutoka Tanzania na darasa la nne, shati moja na Kiswahili kilichonyooka. Niliiosha ile ingobyi mpaka titulaire akatoka nje kutazama. Titulaire ndiye muuguzi anayeongoza kituo. Kwa watu wa Nyakiriba alikuwa daktari, hakimu na serikali. Alipitisha kidole kwenye mti wa ingobyi, akakinusa, akasema, "Wewe utafika mbali."

Nimefika. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Rugerero, nina pikipiki mbili barabarani, na binti yangu Diane, anayenifanya niitwe Papa Diane, yuko chuo kikuu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili kijana anayesoma ajue kwamba anayemsimulia kosa lake hapa si mtu mvivu wala mzembe.

Titulaire yule ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa akisema dawa ya kwanza ni mdomo: mgonjwa akitoka mlangoni bila kusikia kwamba atapona, vidonge atavitupa shambani. Basi kila mtu aliyepita pale alipata mkono begani na neno moja la Kinyarwanda, *urakira*, yaani utapona. Na watu walipona kweli. Malaria ilipona, minyoo ilipona, kikohozi cha watoto kilipona. Waliozidi uwezo wetu tuliwapakia garini kwenda mjini, na mwisho wao hatukuuona. Nilikaa pale miaka sita bila kulifikiria jambo hili, na sasa nalifikiria kila siku: Nyakiriba neno lile lilikuwa karibu kweli kwa sababu wasiopona walikuwa wanaondolewa mbele ya macho yetu.

Kutoka hapo nilipata kazi mjini Gisenyi, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Niliingia kama brankadie, mtu wa kusukuma machela. Ni kazi ya mgongo, lakini mtu mwenye masikio hujifunza. Kifaransa nilikiokota kwa madaktari wa zamani, kidogo kidogo, hapo nyuma ya machela. Kisha wale wakaanza kuondoka, wakaja vijana waliosoma kwa Kiingereza. Walikuwa hodari, sikatai. Ila wagonjwa wetu wengi walivuka mpaka kutoka Goma, upande wa Kongo, na daktari asiyejua Kifaransa wala Kiswahili angewaambia nini?

Asubuhi moja nilikuwa nasukuma mama mmoja wa Goma kuelekea chumba cha upasuaji. Ni sharti mgonjwa asiwe amekula, maana dawa ya usingizi humlegeza koo na chakula huweza kupanda kikamziba pumzi. Wakamuuliza kama amekula. Akajibu amekunywa chai tu. Wakaandika kwamba hajala, na mkono tayari uko kwenye sindano. Nikasema, "Samahani Dokta, mtu wa Goma akisema chai, mkate umo ndani." Tukamuuliza vizuri. Alikuwa amekula mikate miwili na yai.

Mkurugenzi aliniita siku hiyo hiyo, akanipa koti jeupe. "Kuanzia leo usisukume," akasema. "Utasema."

Nilisema kwa miaka kumi na moja. Na kazi hiyo niliijua kuliko wenye vyeti. Mkalimani husimama upande wa mgonjwa, hasimami upande wa daktari, la sivyo anaonekana askari wa pili. Jina la dawa hulitaja mara mbili. Ukimuuliza mwanaume habari za mkojo, unamwomba mkewe akaangalie dirishani. Hayo hayamo katika daftari la mtu.

Lakini niliona pia kitu kingine kikikua. Foleni ilikuwa inatoka nje ya mlango mpaka kwenye maua. Daktari alikuwa na kompyuta ya kujaza, na macho yake yalikaa humo zaidi kuliko usoni pa mtu. Mgonjwa akitoka analalamika, "Hakunigusa. Amepima kompyuta." Wakitumwa maabara mara tatu, walisema wanachunwa pesa. Hawakujua kwamba daktari naye aliogopa: aliogopa kukosea, kushtakiwa, kurekodiwa na simu kisha kuzungushwa mji mzima. Anayeogopa huagiza vipimo. Mgonjwa akiviona vipimo anaogopa zaidi. Mimi nimesimama katikati yao.

Basi nikafanya nilichofundishwa. Daktari alipomaliza maneno yake, niliweka mkono begani na kuongeza la kwangu: utapona, mama. Utapona, mzee. Mengine ya daktari, yale yenye "huenda" na "hatuwezi kuahidi", niliyapunguza, maana niliona yanawakausha watu midomo. Wakanipenda. Sambaza, wale dagaa wa ziwani, na nyanya zililetwa kwangu, hazikupelekwa kwa daktari. Madaktari nao walifurahi, kwa sababu mgonjwa alitoka ametulia na foleni ikasogea. Muuguzi Mkuu alikuwa akisema nina maneno ya asali. Hakuna aliyeuliza asali hiyo naitoa wapi.

Ndipo akaja Mama Riziki. Alikuwa mtu wa Goma, akiuza nyanya mpakani, mama mnene mwenye sauti, ana ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni kilichoanza kunuka. Alifuatana na kaka yake, Faustin, fundi wa simu. Daktari wa upasuaji, kijana mwembamba aliyezoea kula amesimama, akakitazama kidonda kwa muda. Safari hii aligusa. Akaeleza kwa Kinyarwanda, taratibu: wataanza na vidole viwili. Huenda visitoshe. Sukari isiposhuka kidonda kitapanda, na hapo itabidi kukata chini ya goti. Hawezi kuahidi kitu.

Mimi nikasema, "Daktari anasema watatoa vidole viwili, basi. Utapona, mama."

Faustin akanitazama. "Papa, docteur alisema maneno mingi, weye unasema kidogo."

"Kinyarwanda ni lugha ndefu," nikamjibu.

Wakacheka. Nami nikacheka. Mama akaweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali upasuaji, na sikuona kwamba simu ya Faustin ilikuwa juu ya kitanda, inarekodi.

Vidole viwili vilikatwa, lakini siku ya tano weusi ulikuwa umefika kwenye kifundo. Daktari akaja mbio, akasema mguu ukatwe leo, kabla sumu haijaingia kwenye damu yote. Nilipotafsiri, Faustin akasimama.

"Mulisema vidole mbili. Leo ni muguu. Kesho mutakata nini, shingo?" Akawageukia wagonjwa wengine wodini. "Banamukata kama muwa, kidogo kidogo, juu kila kukata iko na facture yake ya kulipa."

Akabonyeza simu. Sauti yangu ikajaza wodi, tamu, imetulia: vidole viwili, basi, utapona, mama. Kipande hicho peke yake. Alikuwa amekwisha kukituma kwa watu wake tangu asubuhi alipouona ule weusi, na mzee mmoja aliyekuwa afanyiwe upasuaji wa ngiri siku hiyo alikuwa ameshavaa viatu na kuondoka.

Daktari akaniuliza huyu jamaa anasema nini. Alimwona amekasirika na akasikia sauti yangu kwenye simu, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu.

Nikamwambia, "Anasema anaogopa."

Neno la kwanza, utapona, nililisema kwa huruma. Hili la pili nililisema kwa ajili ya koti langu.

Mkurugenzi akaja na ile fomu. Akaonyesha alama ya dole, akasema kwa sauti ya chini kwamba hospitali imelindwa, na kama wanataka kumtoa mgonjwa wasaini décharge. Décharge ni karatasi ya kusema nimeondoka kwa hiari yangu, nikifa msiulizwe. Faustin akasema ailete hata sasa, kuna mutu wa maombi kule Goma aliyeponyesha miguu mibaya kuliko huo. Daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono inaning'inia kama ya mtu aliyeibiwa. Akaniambia, "Papa Diane, waeleze. Akivuka mpaka na mguu huu, atakufa wiki hii hii. Waeleze wewe, wanakuamini."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Faustin. Mimi ndiye niliyetakiwa kumsomea karatasi. Nikaanza mstari wa kwanza. Nikinyamaza, mama anakwenda kufa na daktari anabaki na jina la muuaji. Nikisema, mtu aliyeanza na ndoo Nyakiriba anaanguka mbele ya wodi nzima. Nitawaambia ukweli: nilihesabu yangu kwanza.

Aliyenikatiza ni Mama Riziki mwenyewe. Muda wote watu walikuwa wanazungumza juu ya kichwa chake.

"Papa," akasema, "mi ndiye iko na muguu. Siku ile docteur alisema nini? Sema yote."

Nikamwambia. "Alisema vidole ni mwanzo. Alisema huenda visitoshe. Alisema sukari isiposhuka, mguu utakatwa, na hakuahidi kitu. Neno *utapona* ni langu, mama. Yeye hakulisema."

Faustin aliinua simu, akanirekodi usoni. Sikumzuia. Nikamgeukia daktari, nikamwambia kwa Kinyarwanda nilichokisema sasa na nilichokificha siku ile. Masikio yake tu yalibadilika rangi.

Mama Riziki akanigeukia. "Bon, sawa. Na leo anasema nini? Usiongeze sukari, iko nayo ya kutosha."

Mtu mmoja akacheka nyuma, kicheko cha woga. Daktari akasema maneno yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nikayapitisha kama yalivyo, sentensi kwa sentensi: kwamba mguu unakatwa chini ya goti, kwamba anaweza kufa mezani, kwamba akikaa bila kukatwa kufa ni hakika, kwamba hata ukikatwa sukari itabaki. Kila sentensi nilimwona akiipokea kama mzigo, anaupima, anauweka chini, anangoja mwingine.

Faustin akasema wasikubali, hawa wote ni wamoja.

"Faustin," akasema dada yake, "muguu ni yangu." Akanyoosha dole gumba.

Aliishi. Mpaka leo anauza nyanya mpakani, amekaa kwenye kiti, na sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Yeye hunisalimia. Faustin hapana.

Baada ya upasuaji ule nilimkuta daktari akinawa mikono. Aliniuliza nimefanya hivyo kwa miaka mingapi. Nikamwambia. Akauliza, "Wagonjwa wangapi?" Sikuwahi kuwahesabu. Hakupaza sauti, ningependa angepaza. Alifunga bomba, akasema, "Nilidhani watu hawa wananichukia bure."

Mkurugenzi alinivua koti na kunirudisha kwenye machela. Nilisukuma miaka miwili zaidi, mgongo ukakataa, nikastaafu nikiwa na miaka hamsini na mitatu. Sikufukuzwa. Nataka hilo lieleweke.

Siku hizi hospitali ina wakalimani wenye vyeti na fomu za Kiswahili. Hilo ni jema. Lakini nilipompeleka jirani juzi nilisikia kitu kilichonitisha: daktari, kwa hofu ya simu, anasoma hatari zote bila kupumua, kama mtu wa redio anayesoma matangazo ya vifo, kisha anaomba sahihi. Mimi niliuficha ukweli. Huyu anautupa mlangoni na kuondoka. Mgonjwa ni yule yule, amebaki na woga wake. Ukweli unahitaji muda wa kukaa nao, na foleni bado imefika kwenye maua. Wewe kijana unayeingia kazi hii, usimlaumu daktari peke yake, wala usimcheke anayekimbilia maombi. Muulize kwanza nani alimdanganya, na lini. Huenda ilikuwa mimi.

Watu wa hapa Rugerero bado huja kwangu kabla ya kwenda hospitali. Ijumaa alikuja mke wa seremala na karatasi ya rufaa. Ana uvimbe kwenye titi, wanataka kumpasua. Alikaa pale kwenye benchi, akaniambia, "Wewe uliyekaa nao, niambie tu kama nitapona."

Neno lilikuwa mdomoni. Lingemfanya alale vizuri usiku ule.

Nikasema, "Sijui. Hata daktari hajui bado. Anachojua ni kwamba ukichelewa itakuwa mbaya." Nikamwambia Jumatatu saa moja nitamngoja barabarani, twende wote, na nitakaa naye mpaka aulize maswali yake yote hata kama foleni itanitukana.

Aliikunja karatasi mara nne, ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti. Akasema asante Papa Diane, akaondoka bila kusema atakuja au hatakuja. Leo ni Jumapili mchana. Shati nimelipiga pasi. Mume wake amepita hapa mara mbili tangu misa imalizike, na mara zote mbili ametazama upande mwingine.