Dereva wa Winchi na Puto la Hewa

Kazini walimwita Malaika, kwa sababu alishinda juu. Aliendesha winchi kubwa ya ujenzi, ndani ya kijumba cha vioo ambamo magoti yaligusa mitambo. Alipanda saa moja asubuhi, akashuka saa kumi na moja jioni. Mkojo ulikuwa na chupa yake. Haja kubwa haikuwa na chupa, basi akaibana. Aliibana miaka kumi na tisa, mpaka ikaacha kupiga hodi.

Zilipita siku nne, siku sita, bila choo. Akienda, hukaa nusu saa akijikamua, jasho linamtoka, na cha kuonyesha hakuna. Alikunywa dawa za kulainisha, akala mapapai hadi akayachukia. Mkewe akimuuliza, jibu lilikuwa, "Kawaida tu." Harusi ya binti yao ilikuwa kawaida tu. Kaka yake alipofariki, alizika macho makavu, kesho yake akapanda winchi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani asiyependa maneno ya kuzunguka. Ndiye aliyemburuta hospitali.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia wakiwa kwenye foleni. "Na mimi sitaki kuulizwa msibani umekufa na nini."

Daktari alimpeleka kwa mtaalamu wa misuli, binti wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo mzee. Lala ubavu. Usione aibu, mimi kutwa nzima ndiyo kazi yangu."

Akapitisha njia ya nyuma mpira mwembamba wenye kiputo nchani. "Nalijaza puto hewa kidogo kidogo. Ukihisi chochote, sema."

Akasukuma hewa.

"Mililita hamsini... Themanini... Bado?"

"Bado."

Ilipofika mia na arobaini akasema, "Naona kama kuna kitu."

"Wengine hunisimamisha kabla ya hamsini," binti alisema, akiandika. Hilo nalo halikumshtua.

Kisha akamwambia asukume kama yuko chooni. Kwenye skrini palikuwa na mistari miwili, mmoja wa tumbo, mmoja wa misuli ya mlangoni. Yote miwili ikapanda.

"Unaona, mzee? Unasukuma mlango, na papo hapo umeukaza usifunguke."

Kwa mara ya kwanza siku ile alitazama kwa makini. Mambo ya vipimo aliyajua. "Nanyanyua mzigo na breki nimeikanyaga."

"Hapo hapo. Sasa achia breki."

"Maisha yangu yote naambiwa nijikaze kisabuni."

"Hapa tunalegea."

Alienda kila Alhamisi, wiki tano. Alifundishwa kupumua kwa tumbo huku akiuangalia mstari wa pili. Nyumbani, kila asubuhi baada ya chai, aliagizwa akae chooni dakika kumi, miguu juu ya kigoda, hata kama hajaitwa. Wiki ya tatu mstari ulishuka mara moja, ukarudi juu. Wiki ya nne ulishuka mara tano kati ya kumi. Wiki ya tano alilihisi puto kwenye sabini.

Jumapili moja alitoka chooni, akasimama mbele ya cherehani.

"Imetoka."

"Yote?" mkewe aliuliza.

"Yote. Bila kukamua."

Mkewe aliachia pedali, akacheka hadi akajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja. "Na wewe hata kutabasamu?"

Akafikiri. "Nimefurahi," akasema, kama mtu anayesoma kibao. Mkewe akampigapiga mkono, akarudi kwenye pindo lake.

Alimwomba msimamizi amruhusu kushuka kila siku saa nne asubuhi, aende chooni. Akakubaliwa, ingawa mafundi wa nondo waliguna, maana kazi husimama hadi apande tena.

Baada ya miezi mitatu alipimwa upya. Kuna wiki bado alikaa siku tatu bila choo, lakini si sita tena. Safari hii alihisi kwenye hamsini na tano.

"Mzee wangu, umefika tulikotaka," binti alisema, akimshika bega. "Unajisikiaje?"

Alivaa kiatu cha kushoto, kisha cha kulia.

"Afadhali," akasema, akauliza shuka aliyolalia aiweke wapi.