Mwenyekiti wa Mikono Juu

Anyelwisye ni fundi baiskeli hapa Ngonga, na ukimpelekea breki mbovu anakuuliza wewe: tukaze au tulegeze? Simpendi, na sifichi. Tulimpa uenyekiti wa kijiji baada ya kumwangusha Jackson, mwenyekiti wa zamani aliyekataza watu kuchungia ng'ombe kwenye mashamba ya mpunga. Anyelwisye akajifunza somo moja tu: ukikataza, unang'oka. Tangu hapo kila mkutano wake huishia kwa mikono juu, naye hujibu "ndaga fijo", akishukuru kana kwamba amepewa kuku.

Mwaka huu kikaingia kipindupindu. Afisa afya akapita na kipaza sauti: msibani hakuna kupika wala kula, zikeni mrudi makwenu. Haukupita muda Mzee Hezroni akafa kwa ugonjwa huohuo. Sasa kwetu msiba bila nyama na wali ni kumtupa marehemu, na ndugu zake walikuwa wamevuka mto Songwe kutoka Malawi. Watu wakaanza kunung'unika. Neno moja la mwenyekiti lingetosha, amri ilikuwa tayari upande wake. Yeye akasimama uani akauliza kama tule au tusile.

Nikasimama. Dada yangu Kisa alikuwa jikoni na wapishi, na moyo wangu ulikuwa kwake.

"Mwenyekiti, tulikuchagua uamue. Hatukukuchagua utuhesabu."

Akatabasamu. "Mama Doreen, mimi ni nani hata nipingane na wananchi?"

Mikono ikapanda uani kote. Wakala. Beseni la kunawia lilikuwa moja, likazunguka mkeka kwa mkeka na maji yaleyale.

Kesho yake Kisa akaanza kuharisha. Tukampakia kwenye bodaboda kumkimbiza kambi ya wagonjwa, akafia njiani, katikati yangu na dereva.

Mwenyekiti alikuja kunipa pole. Akaniambia nisimlaumu mtu, jambo lile tuliamua wote. Wote! Kisa hakunyoosha mkono wowote, alikuwa nyuma ya nyumba anaosha sahani zao. Nilitamani kumtemea mate.

Wahudumu wa afya walipomaliza kumzika, shangazi zetu wakawasha moto na kuteleka sufuria, maana mila ni mila. Afisa afya hakuwapo. Macho yote yakamgeukia mwenyekiti. Akavua kofia, akasimama.

"Wananchi, mnasemaje?"

Safari hii hakuna aliyejibu. Kila mtu alikuwa anaangalia miguu yake. Akauliza tena. Akabaki anazungusha kofia mikononi, anatafuta hata mkono mmoja wa kufuata. Nikaichukua ndoo ya maji, nikaumwagia moto wote mpaka moshi ukatujaa machoni.

Anyelwisye akanitazama, kisha akavaa kofia yake.

"Ndaga fijo," akasema. "Basi, wananchi wameamua."