Teo la Bibi na Ndege Isiyo na Rubani

Pa! Mlio ule ningeutambua hata katikati ya soko. Ulikuwa wa teo la bibi yangu, kamba ya katani aliyoizungusha juu ya kichwa kisha akaivuta nyuma ghafla, ncha ikapasuka hewani, na ndege wote wakaruka kutoka kwenye mpunga wake. Ulibakiza wiki moja kuvunwa, na ndio chakula chetu cha mwaka. Nilikuwa nimeteremka kutoka Magomeni kumsaidia kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, ingawa yeye alisema nimekuja kunenepa.

Wiki hiyohiyo dada mmoja mtafiti alipiga kambi karibu na shamba letu, kwenye mdomo wa mto Ruvuma, na kindege chake kisicho na rubani kilichobeba kinasa sauti. Alikuwa anatafuta namna ya kupunguza mshindo wa ndege zinazokimbia kuliko sauti. Akaniambia hata ncha ya teo hukimbia hivyo, ndiyo maana inapasuka. Basi kila mchana, ndege wa shambani wakijificha jua, nilikwenda kulizungusha teo chini ya kindege kikisikiliza.

Siku ya tatu nikajiona mhandisi. Nilichana utepe kwenye pindo la khanga ya bibi, nikaufunga kwenye ncha, nikazungusha. Fuu. Kwenye kompyuta ya yule dada, mstari wa sauti uliozoea kuruka kama panzi ukalala. Nikaanza kuwaza nitavaa nini siku ya kupewa tuzo.

Yule dada akacheka mpaka akakaa mchangani. "Mdogo wangu, umepunguza kelele kwa kupunguza mwendo. Hilo hata breki inafanya."

Akanieleza kuwa wao wanabadili umbo la ndege, pua ndefu na mwili mwembamba, ili mshindo ufike chini umegawanyika, mwendo ukiwa uleule. Nilinuna. Nikalirudisha teo dunguni, kwenye jukwaa la kuamia shambani, bila kuufungua utepe.

Asubuhi bibi akapanda dungu, akazungusha. Fuu. Akarudia. Ndege mmoja aliinua kichwa kama mgeni aliyesikia mlango, kisha akaendelea kula. Bibi akapiga debe, akapiga makofi, akatukana kwa Kimakonde matusi nisiyoweza kuyaandika, nami nikakimbia huku na huku na tawi mkononi. Walipoondoka, kona nzima ilikuwa masuke matupu.

"Mke mwenzangu," bibi akaniambia akihema, kwa utani wake wa bibi na mjukuu, "hili teo limezeeka kabla yangu?"

Macho yake hayakuuona utepe. Akasema jioni atasokota jingine, na vidole vyenyewe vimepinda kwa baridi yabisi. Angenigombeza ningecheka. Hakunigombeza.

Alipokwenda kuswali adhuhuri, nilipanda dungu peke yangu, nikaufungua utepe kwa meno, nikapiga teo mara moja. Pa. Kisha nikaivuta khanga yake aliyoiacha pale, nikachomoa sindano yenye uzi kwenye kola ya gauni langu, nikaushona utepe mahali pake, maua yake yakitazama chini kama mimi.