Mama Jenoveva wa Kwemhande, Mlinzi wa Mbegu

Alizaliwa mwezi Agosti mwaka 1919 katika kitongoji cha Kwemhande, juu ya Mponde, katika milima ya Usambara, akiwa binti wa tatu wa Kornelio, mfua majembe, na mkewe Klara. Alibatizwa kwa jina la Jenoveva na padre aliyekuwa akipita kwa miguu kutoka kigango hadi kigango. Wakatoliki wa pale walikuwa nyumba chache tu. Majirani zao walikuwa Walutheri na Waislamu, na watoto wa dini zote walichunga mbuzi kwenye mteremko mmoja. Waliomjua utotoni hawakumbuki ishara yoyote ya pekee kwake, isipokuwa woga. Aliogopa radi, aliogopa mto ukijaa, aliogopa hata kuitwa jina mbele za watu. Mama yake alizoea kusema, "Huyu mtoto hata kivuli cha mgomba humshtua." Tunaliandika jambo hili bila kulificha, kwa maana kazi zote tutakazozisimulia zilifanywa na mtu huyo huyo mwoga.

Mwaka 1938 aliolewa na Sefania, mkulima mpole wa kitongoji hicho hicho. Mungu hakuwajalia mtoto aliyevuka mwaka mmoja. Sefania alifariki kwa kifua mwaka 1955, akamwachia mkewe shamba la mteremkoni, ng'ombe mmoja na koti zito la sufu. Miaka ile serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha watu kuchimba matuta kwa amri na faini, na watu wakayachukia matuta kama walivyoichukia amri yenyewe. Uhuru ulipofika, Desemba 1961, wengi waliyaacha kwa furaha. Lakini msimu ule mvua zilinyesha bila kupumua, na asubuhi moja mlima ulimeguka. Shamba la Jenoveva liliteremka bondeni pamoja na migomba yake, na shamba la jirani yake Rajabu, mume wa Bi Zainabu, likafuata. Wanawake hao wawili walisimama ukingoni wakitazama mwamba mtupu pale walipokuwa wamepanda maharage wiki tatu zilizopita.

Wito wake ulimjia siku chache baadaye, kanisani, siku iliposomwa Injili ya mpanzi. Katekista Paskali alipomaliza kuieleza, Jenoveva, ambaye hakuwahi kufungua kinywa mbele ya watu, alisimama. "Mwalimu," alisema, "na kama udongo wenyewe umeondoka, mpanzi afanyeje?" Paskali alimwambia tu, "Mama, kaulize shambani." Naye alilipokea neno hilo kama agizo kutoka madhabahuni. Alianza kupanda majani ya gwatemala kwa mistari kukingama mteremko, ili yashike udongo, kwanza kwake, kisha kwa Bi Zainabu, kisha kwa kila aliyemruhusu. Watu walimcheka wakamwita mke wa bwana shamba. Wazee peke yao hawakucheka. Walisema anafanya kuzifya shi, ndiyo kusema kuiponya nchi, jambo ambalo zamani lilikuwa kazi ya watawala. Baada ya miaka sita, maji ya mvua yaliyotoka katika mashamba yale yalikuwa meupe, na waliocheka wakaja kuomba vipando.

Kwemhande ilipoandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa mwaka 1970, wataalamu waliwashauri wakulima kupanda chai, na wengi walipanda. Jenoveva naye alipanda, lakini hofu yake ilimnong'oneza kwamba chai hailiwi. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mbaraka, akamwomba lijengwe ghala la mbegu, ambamo kila kaya ingeweka sehemu ya mahindi na maharage bora ya kila mavuno, yasiguswe ila siku ya kupanda. Ili mtu asimshuku mwenzake, mlango uliwekewa makufuli mawili. Ufunguo mmoja alipewa Bi Zainabu kwa niaba ya Waislamu, na mwingine Jenoveva kwa niaba ya Wakristo. Hakuna aliyeweza kuingia bila mwenzake.

Vuli ya mwaka 1973 haikunyesha. Masika ya mwaka uliofuata yalichelewa, na kila asubuhi watu walitoka nje wakatazama upande wa Korogwe, ambako mawingu huanzia, wakaliona anga lile lile jeupe. Mwezi Machi walikuwa wakila mizizi ya migomba iliyochemshwa. Chai ilikauka vichakani. Ndipo mkutano ukaitishwa, na mwenyekiti Mbaraka, ambaye hakuwa mtu mbaya na ambaye watoto wake nao walikuwa wakilia njaa, akasema mbele ya wote, "Mama Jenoveva, fungua ghala. Mbegu ni chakula."

Jenoveva alisimama akiwa ameshika nguzo ya banda la mkutano. "Ndugu zangu," alisema, "tukifungua leo tutashiba siku nne. Mvua ikija siku ya tano, tutapanda nini? Mkinipiga nitawapa, kwa sababu mimi ni mwoga. Naomba msinipige." Hakuna aliyemgusa. Lakini tangu siku ile kuna waliopita mlangoni pake bila salamu, na katika kijiji ambamo shikamoo haikosekani, kunyimwa salamu kulimuumiza kuliko fimbo. Alimchinja ng'ombe wake, akawagawia watu nyama, na nyama ikaisha.

Jumatatu ya Juma Kuu, tarehe 8 Aprili 1974, Bi Zainabu alikuja nyumbani kwake akiwa amembeba mgongoni mjukuu wake Tatu, yatima wa miaka miwili. Nywele za mtoto zilikuwa zimegeuka rangi, na miguu imevimba.

"Shikamoo, dada," alisema Jenoveva.

"Marahaba. Sikuja kwa salamu, mdogo wangu. Mtazame huyu." Akamshusha. "Mimi nimefika mwisho. Nipe ufunguo, au twende tukafungue wote."

Jenoveva alimtazama mtoto. Alieleza baadaye, katika maungamo aliyomruhusu padre kuyasimulia, kwamba saa ile hakusikia sauti yoyote ya mbinguni. Aliogopa tu pande zote mbili: aliogopa mtoto asije akafa, aliogopa kijiji kisije kikafa. Kisha akauvua ufunguo shingoni akauweka katika kiganja cha Bi Zainabu.

"Zote mbili sasa ziko kwako. Ukifungua, sitakuhukumu, wala sitamwambia mtu kwamba ni wewe peke yako. Ila nakuomba unisubiri siku tatu. Nateremka Magoma kutafuta muhogo."

"Na usiporudi?"

"Basi utafanya atakavyokuonyesha Mungu."

Alichukua koti la marehemu mumewe akaondoka. Njia nzima moyo wake haukutulia. Kila kilima alichoshuka alijiuliza kama amefanya jambo la imani au amekimbia tu uamuzi na kumtwisha bibi mwenye mtoto anayekufa. Mara mbili aligeuka arudi, mara mbili akaendelea. Magoma alifika Jumanne jioni, akakuta nako watu wanakula mara moja kwa siku. Alibisha nyumba nyingi bila kupata. Jumatano asubuhi mkulima mmoja, Hassani, alimwambia waziwazi, "Mama, hata sisi hatuna." Lakini alipomtazama vizuri aliingia ndani, wakateta kidogo na mkewe, akatoka na makopa ya muhogo yaliyojaa nusu ya gunia. Alilipokea koti la Sefania kuwa malipo, kisha akamwongezea kibaba cha kunde.

Kupanda mlima kulimshinda. Mguu wa kulia ulivimba, na usiku wa siku ya tatu, siku ya ahadi, ulimkuta katika nyumba ya watu asiowajua, katikati ya njia. Alhamisi Kuu, jua likiwa juu, aliifikia kona ambayo kutoka pale Kwemhande huonekana. Aliona moshi. Haukuwa moshi wa jiko moja. Ulitoka uwanjani, mzito, kama wa sufuria kubwa. Alikaa chini njiani. Aliamini kwamba ghala limefunguliwa na kwamba watu wanapika mbegu. Waliopita walimsikia akirudia maneno haya tu: "Bwana, nimeua kijiji."

Alipofika aliona kwanza mlango wa ghala. Bi Zainabu alikuwa ameketi kizingitini na Tatu mapajani, mtoto akiwa hai. Kufuli moja lilikuwa wazi, la pili limefungwa. "Nililifungua langu jana jioni," alisema Bi Zainabu bila kuinua uso. "La kwako niliingiza ufunguo. Mkono ulikataa kuuzungusha." Jenoveva alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo aliposikia kilio kutoka uwanjani. Moshi ule ulikuwa wa msiba. Kichanga cha Yunis, mke wa fundi seremala, kilikuwa kimekufa alfajiri ile, na watu walikuwa wakichemsha majani ya porini kwa ajili ya waombolezaji.

Makopa yalitwangwa saa ile ile, na uji ukagawiwa watoto wote, Tatu akiwa wa kwanza. Jenoveva hakuonja. Alikwenda kwa Yunis akajitupa chini mbele yake. "Mtoto wako amekufa na mbegu zipo ndani," alisema. "Mimi ndiye niliyekataa. Nami nilipoona mlango umefungwa nilifurahi, kabla sijasikia kilio chako. Nisamehe." Yunis aligeuza uso ukutani. Hakumjibu siku ile wala mwaka ule.

Mvua ilianza kunyesha tarehe 23 Aprili. Wanawake wawili walifungua makufuli yote mbele ya kijiji kizima, nao watu waliingia wakakuta kwamba fukusi wamekula sehemu kubwa ya mahindi. Hofu iliwashika upya. Walioshuhudia, miongoni mwao mwenyekiti Mbaraka na shemasi wa Kilutheri Nathanaeli, wanasema kwamba maharage yaliyobaki hayakutosha hata nusu ya kaya, lakini Jenoveva na Bi Zainabu walipima na kumimina mpaka mtu wa mwisho akaondoka na fungu lake. Kanisa halijatamka neno juu ya jambo hilo, nasi hatulitangulii. Mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Bi Zainabu ana mkono mzuri wa kupima." Mwezi Julai Kwemhande ilivuna, na vijiji vitatu vya jirani vilivyokula mbegu zao vilikuja kuazima kwao.

Miaka iliyofuata alitembea kutoka kijiji hadi kijiji, Bumbuli na mbele zaidi, akiwafundisha wakulima kujenga maghala na kushika udongo. Kila mwaka, tarehe 11 Aprili, alifunga chakula kwa ajili ya mtoto wa Yunis. Mwaka 1976, alipokuwa akilima peke yake, Yunis alikuja na jembe, akashika mstari wa pembeni yake, wakalima hadi adhuhuri bila neno. Mwishoni Yunis alisema, "Mama, kesho tuanzie kule juu." Jenoveva alilia akiwa ameegemea jembe, na aliwaambia watu kwamba siku hiyo ndipo alipopona.

Alifariki tarehe 2 Machi 1983, kwa homa ya mapafu, mikononi mwa Bi Zainabu na Yunis. Maneno yake ya mwisho yalikuwa kuuliza kama mawingu yameonekana. Waislamu walichimba kaburi, Walutheri waliimba, na padre alipofika kutoka parokiani hakupata pa kupita. Hata leo wakulima wa Mponde, kabla ya masika, hupeleka mbegu zao kanisani zibarikiwe, na siku hiyo hiyo dua husomwa msikitini, kisha wote hukutana ghalani.

Ewe mwamini unayesoma, huenda nawe umekabidhiwa kitu ambacho wengi wanakitegemea, iwe shamba, au mtoto, au neno la haki. Kilinde. Na siku utakapolazimika kumnyima mtu, usikae nyumbani ukijiona mwenye haki: chukua kilicho chako cha thamani, ushuke mlima, ukamtafutie. Mungu, aliyempa mjane huyu nguvu ya kurudi na gunia lake, atujalie na sisi tufike kabla mtoto hajalala usingizi usio na mwisho. Na tukichelewa, atupe ujasiri wa kwenda kupiga magoti mlangoni kwa mama yake.